Hati Ilitiwa Butini

Port Reitz, Alhamisi ya pili ya Mei. Mvua imeanza baada ya adhuhuri, si ile ya kishindo, bali hii ya masika inayonong'ona mpaka nguo za kabatini zikashika unyevu. Leo natimiza miaka hamsini na minane na miezi mitatu nje ya Kitungwini. Wako watu huamka wakajua ni siku gani ya wiki. Mimi huamka nikajua ni muda gani tangu tutolewe.

Kompyuta hii imechelewa kuwaka. Ni kuukuu, ameniachia mjukuu wangu Zuhura alipopata nyingine, na ndiye aliyenifungulia ukurasa huu ili, kwa maneno yake, niache kuwachosha watu wa barazani. Kila ikichelewa huniambia, "Ngoja babu, inabuti." Kwa kawaida mimi hucheka. Leo nimekaa mbele ya kioo cheusi, neno hilo likinizunguka kichwani, na sikucheka.

Saa hizi nilikuwa niwe njiani.

Athmani ni mtoto wa ndugu yangu marehemu, Lali. Akaa Ziwa la Ng'ombe, na kazi yake ni kufundisha watu kuendesha gari. Kwa miezi miwili amekuwa akinipigia simu kila Ijumaa: "Ami, kaza buti, siku zimekaribia." Jumamosi kamati ya ardhi itakaa Kitungwini kusikiliza madai ya watu tuliotolewa mwaka ule. Mwenye hati ataleta hati. Asiye na hati ataleta shahidi aliyeona kwa macho yake, aape kwa msahafu. Sisi hati hatuna. Na walioona, wote wametangulia mbele ya haki, nimebakia mimi. Lali mwenyewe siku ile alikuwa mgongoni mwa mama.

Ushahidi niliotakiwa kuutoa ni maneno matatu tu. Hati ilitiwa butini.

Ndivyo Lali alivyowahadithia wanawe, nao ndivyo wanavyowahadithia wana wao: kwamba siku ya kutolewa, bwana mmoja wa ofisi aliichukua hati ya shamba letu katika buti la gari lake, akaahidi kuirejesha, asirejeshe. Jirani zetu wa kule, watu wa nyumba ya Shee Kombo, wana hadithi nyingine. Wasema yule bwana alirejesha kila alichokichukua. Yao waliipata baada ya miaka minne, imekunjwa vile vile ilivyokuwa. Wasema sisi hatukumpa kitu, na kwamba kama tungekuwa na hati tungempa. Leo walima minazi yao, na yetu pia.

Jirani zetu wasema kweli.

Sijapata kuliandika jambo hili, wala kulitamka. Mke wangu alifariki bila kulijua. Basi niliandike polepole, neno kwa neno, kama nilivyofanya kazi yangu.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na ni mimi peke yangu nyumbani niliyejua Kiingereza, ikiwa Kiingereza cha kitabu cha picha chaweza kuitwa Kiingereza. Kila ukurasa ulikuwa na picha moja na neno moja. Ukurasa wa pili palichorwa kiatu kirefu cheusi chenye kamba, na chini yake: boot. Kwetu watu walivaa makubadhi, na wazee wakitawadha huvaa mitalawanda, utasikia mti ukigonga sakafu toka mbali. Buti lilikuwa kiatu cha watu wengine. Kijiji kizima kilikuwa na jozi moja, nayo ni ya baba, aliyoipata kwenye kazi ya kukata barabara. Nililijua neno lile kwa kulitazama, kulipaka mafuta na kulifunga kamba. Magari sikuyajua. Nililozoea ni lori la kopra, ambalo mzigo wake hukaa wazi mgongoni.

Kulikuwa na vita vya msituni upande wetu, na iliamuliwa kwamba vijiji viwe vitupu. Asubuhi ile tulipewa saa moja. Bwana wa ofisi aliacha gari lake mbele ya msikiti, akapita nyumba kwa nyumba kwa miguu. Mkalimani wake alikuwa ametangulia na lori la kwanza. Nyumba yetu ilikuwa ya mwisho. Alipofika mlangoni akaiona hati mkononi mwa baba, ile yenye muhuri, nusu Kiarabu nusu Kiingereza, akasema sentensi moja ya maneno sita, akanyoosha kidole upande wa msikiti, akaenda zake kwa haraka.

Put your papers in the boot.

Maneno matano niliyajua kidogo. La sita nililijua kuliko yote.

"Asemani huyu?" baba akaniuliza.

"Asema hati itiwe ndani ya buti."

"Ndani ya buti? Una hakika?"

"Wallahi, baba. Buti ni buti."

Nilikula yamini. Hilo ndilo linalonirudia, si kosa lenyewe. Mtoto aweza kukosea neno. Lakini niliulizwa kama nina hakika, nami nikaapa, kwa sababu nilifurahi kuulizwa.

Baba akafikiri kidogo, kisha akatabasamu. "Wana akili watu hawa," akasema. "Nani atatafuta hati kiatuni?" Akaikunja, akaiviringa katika kipande cha kanga, akaisukuma mpaka vidoleni mwa buti la kulia. Kwa kuwa hangeweza tena kuyavaa, aliyafunga kamba pamoja, akayatundika shingoni, akaenda miguu mitupu.

Penye lori askari mmoja akamshika. "Buti hizi umezipata wapi?" Watu wa msituni, yasemekana, walivaa buti kama zile. Baba akasema ni za kazi. Akapigwa kofi, buti zikavuliwa shingoni zikatupwa juu ya rundo la vitu vilivyochukuliwa kwa watu. Nikamwona akifungua kinywa aseme kuhusu hati. Nikamwona mama akimvuta kanzu kwa nyuma. Kulikuwa na wanaume waliokwisha kutengwa upande kwa kusema machache kuliko hayo.

Wakati huohuo Shee Kombo alikuwa akitoka upande wa msikiti, mikono mitupu, uso umetulia. Yeye alipata kuwa mpishi wa maofisa mjini. Alijua gari hufunguka wapi.

Baada ya miaka minne nilikuwa mchukuzi wa mizigo pale uwanja wa ndege, mwendo mfupi kutoka hapa ninapoandikia. Siku moja dereva wa teksi akanirushia funguo. "We kijana, fungua buti utie sanduku."

Nikamtazama miguuni.

Alikuwa amevaa champali. Madereva wenziwe wakaangua kicheko. "Mwamuona huyu! Aambiwa buti atazama viatu!" Mpaka msafiri mwenye sanduku naye akacheka. Yule dereva akanishika mkono, akanizungusha nyuma ya gari, akaufungua mfuniko mbele ya macho yangu, akauliza, "Sasa hili ni nini, kofia?" Waliniita Buti mwaka mzima. Nilicheka nao, maana anayecheka haulizwi kitu. Lakini nilipoutazama ule uwazi mweusi nyuma ya gari, nilimwona Shee Kombo akitoka upande wa msikiti mikono mitupu, na nikafahamu. Mwaka huohuo habari zikaja kwamba watu wa Shee Kombo wamerejeshewa hati yao.

Ningeweza kumwambia baba jioni ileile. Alikuwa hai, na angeishi miaka mingine saba.

Baba alikuwa na imani yake. Aliona ule ulikuwa mtego: mmoja aseme tieni katika buti, mwenziwe awavue watu buti. Kila Ijumaa akirudi msikitini, kabla ya kuketi kula, alimuapiza yule bwana wa ofisi. Mola amlipe kwa hati yangu. Mola amnyime pa kulala kama alivyoninyima. Nasi wanawe twaitikia. Mtu yule, nijuavyo sasa, alikuwa amejaribu kutusaidia, na wote waliomwelewa aliwarejeshea hati zao. Nami nilikuwa nikisema amina, kwa sauti, pamoja na wengine.

Lali alikulia mjini, penye magari. Alipomsikia baba akisema hati ilitiwa butini, alielewa kama kila mtoto wa Mombasa aelewavyo. Baba hakuwa mtu wa kufafanua. Kwa hiyo hadithi ikageuka kinyume bila mtu kuigeuza: kwanza neno lilikuwa la gari likasikika la mguu, kisha likawa la mguu likasikika la gari. Sikumdanganya Lali. Neno lilimdanganya, mimi nikaliachia.

Nilikuwa mkalimani wa mahakama kwa miaka ishirini na tisa. Mahakimu walinilalamikia kwa jambo moja, kuwasimamisha. "Mheshimiwa, neno alilosema shahidi lina maana mbili, naomba aulizwe akusudia ipi." Mmoja aliwahi kuniambia mbele ya watu kwamba, nikiendelea hivyo, mshtakiwa atazeeka kizimbani. Walidhani ni maringo ya mtu aliyesoma.

Nyumbani nilikusanya kamusi. Neno lile nimelisoma katika zote. Kiatu, nyuma ya gari, teke, kuwaka kwa mashine. Kuna na boot nyingine kongwe, isiyo na undugu na kiatu, yenye maana ya nyongeza, kitu mtu apewacho juu ya alichonunua. Siku niliyoisoma hiyo nilifunga kitabu. Tulipoteza shamba, na nyongeza yake, jozi ya buti.

Sasa habari ya leo.

Athmani alifika saa tatu asubuhi na gari la kazini kwake, lenye ile herufi kubwa nyekundu ya wanagenzi juu ya paa. Jirani yangu Mama Kadzo, akikaanga mahamri nje, akapaza sauti: "Mzee Bakari, leo wajifunza gari? Tuondoe watoto njiani?" Nikamwambia awaondoe na kuku pia. Nilikuwa nimechangamka. Mkoba wangu ulikuwa tayari tangu jana: kanzu mbili, dawa za presha, msahafu wa baba.

"Shikamoo ami."

"Marahaba, mwanangu."

"Lete mkoba niutie butini."

Akauinua mfuniko. Mlikuwa na gurudumu la akiba, jeki, chupa ya chai, na kando yake jozi ya buti za mpira, kwa ajili ya matope ya kule. Aliutia mkoba wangu juu yake. Nilizitazama buti zile ndani ya buti lile. Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu isipokuwa hilo.

"Athmani," nikasema, "hati haikutiwa humu."

"Humu wapi?"

"Katika buti la gari. Ilitiwa katika buti la babu yako. La mguuni."

Akacheka. "Ami, mzaha huu wa mapema hivi?" Kisha akaniangalia usoni, akaketi ukingoni mwa buti, nami nikamweleza yote nimesimama. Sikumpunguzia. Nilimwambia na ile wallahi. Nilimwambia na zile amina.

Akazisukuma zile buti za mpira kando. "Kwa hiyo kina Shee Kombo wasema kweli."

"Wasema kweli."

"Na sisi miaka yote hii twawaita wezi."

"Mwawaita nyinyi. Mimi sijapata kuwaita."

"Wewe ulikuwa ukinyamaza," akasema. "Ulikuwa ukikaa pale, baba ahadithia, wewe wanyamaza. Sisi watoto tulidhani ni uchungu."

Ndege ilipita chini chini ikienda kutua, nasi tukaingoja ipite, kama tufanyavyo sote wa huku. Ilipotua, uso wa Athmani ulikuwa umebadilika. Alikuwa amepata njia.

"Sikiza, ami. Jumamosi watakuuliza hati ilikwenda wapi. Wewe sema tu: hati ilitiwa butini. Basi, nyamaza. Utakuwa umesema uwongo?"

"La."

"Utakuwa umeongeza neno?"

"La."

"Basi?"

"Wao watasikia gari."

"Masikio ni yao."

Siwezi kuandika kwamba sikushawishika. Nililipima jibu lake kama nilivyozoea kupima maneno, na sikuliona ufa. Kila neno kweli. Mkono juu ya msahafu wa baba, maneno matatu safi, na wajukuu wa Lali wangepata minazi. Nani angeumia? Watu wa Shee Kombo wangerudi kwenye shamba lao, ambalo ni lao kweli, wakatuachia letu, ambalo ni letu kweli. Haki ingepatikana. Ingepatikana kwa kosa lilelile lililoipoteza.

"Masikio ya watu ndiyo yaliyokuwa kazi yangu, mwanangu," nikamwambia. "Mara ya kwanza niliapa kwa kutojua. Hii nitakuwa naapa kwa kujua."

"Kwa hiyo wakikuuliza buti gani?"

"Hata wasipouliza nitawaambia. Na nitawaambia pia kwamba hati ilikuwapo, niliiona, na jina la babu yangu lilikuwa juu yake. Hilo nitaliapia wakati wowote."

"Na kwamba ni mtoto wa miaka kumi na miwili aliyewaambia watu wazima watie hati kiatuni! Watacheka, ami. Kina Shee Kombo watacheka mpaka walie, na shamba litakwenda katika kicheko hichohicho." Akainuka. Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Akautoa mkoba wangu butini, akaupangusa vumbi kwa kiganja, akauweka juu ya kizingiti changu taratibu, kama mtu awekaye mtoto aliyelala. "Kaa ami. Usije. Nitasema mimi nilivyosikia kwa baba."

"Huo utaitwa ushahidi wa kusikia. Hawataupokea."

"Ndio niliopewa," akasema. "Kuna mwengine mlionipa?"

Akafunga buti. Mama Kadzo akauliza, "Mbona mzee hapandi?" Athmani akamjibu kwa adabu kwamba mzee si mzima leo. Akaondoka, herufi nyekundu juu ya paa ikionekana mpaka penye kona.

Waingereza humwambia mtu aliyefukuzwa kwamba amepewa buti. Sisi twasema amepigwa kalamu. Mimi naona leo nimepata vyote viwili, na kwa mkono wa mtu anipendaye, ambaye hata alinipangusia vumbi mkoba.

Namwaza barabarani na mvua hii. Atafika kesho. Jumamosi atasimama mbele ya kamati na hadithi ambayo asubuhi hii bado aliiamini, na ambayo sasa ajua si kweli. Mpaka leo Athmani alikuwa na haki ya kuisema, maana aliamini. Nimemvua haki hiyo. Akiapa, ataapa kwa kujua, jambo nililolikataa mimi nikamwachia yeye. Asipoapa, atarudi mikono mitupu. Nilidhani kusema kweli kungenipunguzia mzigo. Mzigo haukupungua, umehamia kwake.

Nimebadili jina la kijiji, na majina ya watu nimeyabadili pia, na langu mwenyewe. Mtu wa kamati akiusoma ukurasa huu asipate kitu cha kumtilia Athmani mkononi. Hayo ndiyo ninayoweza kumfanyia.

Watu wa barazani huniuliza mbona sijapata kwenda kutazama kwetu, barabara ipo, vita vilikwisha zamani, wengine walirudi. Huwajibu kwamba miguu haitaki. Huona wamelielewa hilo kwa namna yao. Kweli ni kwamba kwa miaka hamsini na minane nimekuwa nikiogopa kukutana na mtu mmoja tu wa rika langu, mtoto wa Shee Kombo labda, aniulize bila ubaya wowote: hivi nyinyi hati yenu mliipeleka wapi? Leo nilikuwa tayari kuulizwa. Kwa mara ya kwanza nilikuwa tayari, na mkoba ulikuwa umekwisha kuingia garini.

Mvua imezidi. Mkoba nimeuingiza ndani. Nimetoa dawa, kwa kuwa nazihitaji usiku, na msahafu nimeurudisha juu ya rafu. Kanzu nimezitundika.

Kitungwini sitarudi.